Taa Moja kwa Wawili

Alasiri ya Siku ya Uhuru ya Wafini, uwanja wa kati wa Tampere ulifurika watu mpaka ukingoni mwa mto. Jua lilikuwa limeshazama, tena kabla chakula cha mchana hakijatulia tumboni. Kwenye madirisha ya jiji watu walikuwa wameanza kuweka mishumaa yao miwili miwili, desturi ya siku hiyo. Chini, penye theluji iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, mamia ya wakimbiaji walisubiri mbio za taa, kila mmoja na taa yake kichwani, wakirukaruka papo hapo kama watu wanaokanyaga udongo wa kukandika nyumba.

Saimi Rautio alisimama nyuma kabisa. Alivaa suruali mbili za kubana, moja juu ya nyingine, koti la rangi ya machungwa, na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, yenye kishada kikubwa utosini. Skafu aliipandisha mpaka chini ya macho, kwa sababu hewa ya baridi ilimkamata kifua. Ukimtazama ungeona kishada, taa na mvuke wa pumzi, basi.

"Dada, samahani," sauti ya mwanamume ilisema kando yake. "Hiyo taa yako ni ya mtu mmoja tu?"

Watu wawili waliokuwa karibu walisogea hatua moja pembeni. Si jambo la kawaida mjini kwao mtu kumsemesha asiyemjua, tena akiwa hajalewa.

"Unasemaje?" Saimi aliuliza.

"Yangu imekata roho sasa hivi. Baridi imenyonya betri yote."

"Si ungekuja na betri ya akiba?"

"Ningekuja nayo, ningepata wapi sababu ya kuongea na watu?"

Saimi aligeuka kumtazama. Mwanga wa taa yake ulimwangukia usoni: mwanamume wa miaka arobaini na kitu, pua ndefu iliyopigwa na baridi mpaka ikawa nyekundu, nyusi zilizoshika chembe za barafu, na kovu dogo juu ya mdomo. Alikuwa ameishusha skafu yake shingoni, maana watu wanaopenda kuongea hawawezi kufunika mdomo. Aliinua mkono upesi akakinga macho.

"Yesu wangu! Utanipofusha, mama."

"Basi usinitazame."

"Nisipokutazama nitajuaje kama unacheka?"

"Sicheki."

"Unacheka. Nasikia."

Saimi alikuwa anacheka kweli, ndani ya skafu. Alishangaa mwenyewe.

"Kimbia kushoto kwangu," alimwambia. "Na usinipite. Ukinipita utakuwa gizani, shauri yako."

"Nani akupite wewe mwenye mwanga?"

Kipenga kililia. Misumari ya viatu ilianza kutafuna barafu, mamia ya miguu kwa pamoja, na ule mto wa taa ukateremka kuelekea ziwani. Mpaka wanamaliza mzunguko, Saimi alikuwa ameshajua kwamba mtu huyu anaitwa Taneli, kwamba anaendesha tramu, kwamba aliwahi kuchumbia mara moja na mchumba akabadili mawazo, na kwamba anajiandaa kwa marathoni ya Mei.

"Na mimi pia," Saimi alisema.

"Hiyo hiyo ya Mei?"

"Hiyo hiyo."

"Basi umeumia," Taneli alisema. "Nitakuomba taa mpaka Mei."

*

Alifanya kweli. Mwezi mzima wa Desemba, na Januari ilipoingia na baridi ya kuvunja mawe, walikutana alfajiri pale mwanzo wa njia ya ufukweni, wakakimbia kando ya ziwa lililoganda, wakarudi. Njia ile haina taa za barabarani. Taneli hakununua taa mpya. Kila asubuhi alikuwa na sababu nyingine.

"Duka lilikuwa limefungwa."

"Jana ilikuwa Jumatatu."

"Ndiyo. Lilikuwa limefungwa moyoni mwangu."

"Tamthilia hiyo. Mimi nafanya kazi kwenye jumba la maigizo, nawajua waigizaji. Wewe si mwigizaji."

Saimi alikuwa mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Kutwa nzima alikuwa na pini mdomoni, akipunguza viuno vya malkia na kurefusha makanzu ya mapadri wa uongo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mumewe, Kalervo, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa uliokuja kimya na kuondoka naye kimya. Tangu hapo Saimi alikuwa na vitu viwili vya kumtoa kitandani: sala na kukimbia. Alianza kukimbia kwa sababu kwenye kukimbia mtu anaweza kulia na hakuna anayemuuliza. Kila mtu anadhani ni upepo.

Sasa alikimbia na mtu. Walikimbia pole pole, kama mkimbiaji wa masafa marefu anavyotakiwa kukimbia majira ya baridi: mwendo wa kuweza kuzungumza. Taneli alizungumza, Saimi aliitikia kupitia skafu. Akigeuka kumjibu, mwanga ulimwangukia Taneli, naye akakinga macho na kulalamika, na ukawa mchezo wao. Saimi aliujua uso ule kuliko alivyoujua wake. Alijua nyusi zinaanza kushika barafu wakifika kwenye daraja dogo. Alijua kovu la mdomo linavyovutika akitaka kusema uongo. Wakirudi mwanzo wa njia Taneli hukimbilia zamu yake, bado giza. Saimi huenda nyumbani kuoga. Jumapili Saimi yuko kanisani na Taneli yuko kwenye tramu. Siku zote za mapumziko yao zilipishana.

Kwenye simu waliandikiana kila siku. Picha ya Saimi kwenye simu ilikuwa ya ua lake la dirishani. Hakupenda kupigwa picha tangu msiba.

"Habari ya ua?" Taneli huandika.

"Ua limepanda kitandani. Tramu je?"

"Tramu imebeba wazee na theluji yao. Kesho nije na juisi ya moto?"

"Njoo nayo."

Mtu asiyewajua angesema hakuna kitu hapo. Lakini Wafini wakishafika kwenye juisi ya moto, mambo yamefika mbali.

*

Dada yake alikuwa wa kwanza kunusa. Inkeri alikaa Kuopio, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Tampere, na alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Mdogo wangu, una mafua?"

"Sina. Kwa nini?"

"Sauti yako imelainika. Ni mwanamume au ni mafua. Chagua."

"Inkeri!"

"Sawa, ni mwanamume. Jina?"

Saimi alimwambia jina, akamwambia na habari ya taa. Upande wa pili Inkeri alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu mzima hana taa! Huyo anakupenda au ni bahili, hakuna la tatu. Haya, amesema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye. Kuhusu kuhamia huku. Jumba la maigizo la huku wanamtaka fundi mkuu kabla Februari haijaisha. Nimekusemea mpaka ulimi umeota sugu. Nyumba ipo, kazi ipo, dada yako yupo. Unangoja nini huko kwa walaji soseji za damu?"

"Ninyi mnaficha samaki ndani ya mkate, halafu mnatucheka sisi?"

"Usinipeleke kwenye mkate. Unakuja au huji?"

Saimi alitazama nje. Theluji ilikuwa inaanguka bila haraka. "Sijui," alisema. "Kweli sijui, dada. Nikiwa na sababu ya kubaki nitabaki. Nisipokuwa nayo nitakuja."

"Sababu yenyewe inajua kwamba ni sababu?"

Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda, kama alivyofundishwa na mama yake. "Bwana," alisema, "sikuombi mume. Ulinipa mmoja, nikashukuru. Nakuomba jibu tu. Nibaki au niende? Mwezi wa pili usiishe nikiwa sijui."

*

Wiki ya mwisho ya Januari, ugoko wa mguu wa kushoto ulianza kumuuma. Mwanzo yalikuwa maumivu madogo, kama mtu anamgusa mfupa kwa kidole. Saimi akajifanya hayasikii. Wakimbiaji wote ni waongo kwenye jambo hilo: atakwambia ukweli kuhusu umri wake na dhambi zake, lakini ukimuuliza mguu atasema mzima. Alikimbia hivyo hivyo juu ya barafu siku kadhaa, mpaka Taneli aliposimama katikati ya njia.

"Unachechemea."

"Sichechemei."

"Misumari yako ya kushoto inalia tofauti. Naisikia. Nenda kwa mtaalamu wa viungo, Saimi. Nakuomba."

Alikwenda. Mtaalamu alibonyeza ugoko, Saimi akaruka. Hakuna kuvunjika, aliambiwa, ila mfupa umechoka: asikimbie mpaka mwisho wa Februari, atembee tu, taratibu, mchana, penye barafu iliyomwagiwa mchanga.

"Bora hivyo," Taneli aliandika. "Mei bado iko mbali. Nitakimbia peke yangu, kama mbwa aliyepotea. Ua lipumzike."

Saimi aliucheka ujumbe ule mara tatu. Akajiambia, akipona kidogo atamwalika kwa kahawa, tena nyumbani, na andazi la mdalasini, na atamuuliza ile habari ya Kuopio uso kwa uso.

Ikaja Jumamosi. Kazini walikuwa wamepewa mapumziko. Saimi alijipamba kidogo, bila sababu, ila tu kwa kuwa jua lilikuwa limetoka na wiki nyingi, kanisani kando, hakuwa amevaa nguo nzuri. Alivaa koti lake jekundu la sufu, lenye kiuno, alilolishona kwa mikono yake, na buti za ngozi. Nywele zake, nyekundu zilizoanza kuchanganyika na mvi, alizichana akaziacha zianguke mabegani. Alitembea polepole mpaka soko la ndani.

Soko lilikuwa limejaa. Harufu ya kahawa na iliki, samaki wa kuokwa, soseji nyeusi zikitoa moshi kando ya jemu nyekundu ya matunda ya porini, vikongwe wakigombea viti. Saimi alikuwa kwenye foleni ya kahawa mtu wa mbele yake alipogeuka na kikombe mkononi. Alikuwa Taneli.

Pua ile. Kovu lile. Alivaa sare yake ya tramu, nyusi hazina barafu, na alikuwa kijana zaidi mchana kuliko alfajiri. Moyo wa Saimi uliruka kama samaki. Alitabasamu, tabasamu zima, lile ambalo miaka minne hakuna aliyeliona.

Taneli alimtazama usoni. Alimtazama vizuri, macho yakakutana, na kwa nukta moja ikaonekana kama anataka kusema neno. Kisha akashusha macho kwenye kikombe, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anavyomsalimu jirani asiyemjua jina, akapita. Alipita karibu kiasi kwamba mkono wa koti lake uligusa koti jekundu. Akaenda kunywa kahawa yake mwisho kabisa wa soko, mgongo ukiwa kwa watu.

"Mama, kahawa au chai?" muuzaji aliuliza. "Mama?"

Saimi alitoka nje bila kununua kitu.

*

"Labda hakukuona," Inkeri alisema kwenye simu.

"Alinitazama machoni, Inkeri! Nilimtabasamia kama mjinga."

"Labda alikuwa na haraka."

"Alikwenda kukaa. Kukaa! Na kikombe." Saimi alikuwa anatembea ndani ya chumba akichechemea. "Gizani mimi ni rafiki, kwa sababu nina taa. Mchana, mbele ya watu, hanijui. Na sasa kwa kuwa sikimbii, hata taa hana haja nayo."

"Muulize."

"Nimuulize nini? Kwa nini unanionea aibu? Nina miaka arobaini na mitatu, dada. Sitamwomba mtu anisalimie."

Inkeri ni mtu wa mzaha, lakini mzaha una mahali pake. "Pole, mdogo wangu," alisema. "Basi njoo kwangu."

Usiku ule sala ya Saimi ilikuwa fupi. "Haya. Umejibu. Asante." Hakukaa kusikiliza kama kuna zaidi. Watu wengi husali hivyo wakiwa wameumia: wanamaliza sentensi ya Mungu wenyewe, halafu wanamshukuru kwa kuisema.

Ujumbe wa Taneli ulikuja asubuhi iliyofuata. "Ua linaendeleaje? Ugoko unasemaje?" Hakujibu. Ukaja mwingine, na mwingine. Zikaja simu. Ukaja ujumbe wa sauti, naye hakuufungua. Mwishowe aliitia simu kwenye mtoto wa meza anamowekea vifungo vya nguo, akawa anaitoa jioni tu kuongea na dada yake, akiruka jina lile kwa kidole kama mtu anavyoruka dimbwi.

Februari ilisonga. Mwanga ulirudi kidogo kidogo, asubuhi zikaanza kuwa za buluu badala ya nyeusi. Ugoko ulipoa. Moyo haukupoa, lakini Saimi aliuambia moyo kwamba nao umechoka tu, utapumzika Kuopio. Alianza kuviweka vitu kwenye maboksi: cherehani, vitambaa, Biblia ya mama. Kilichobaki ni kupiga simu moja, kuwaambia wale wa Kuopio kwamba anakuja. Aliipanga kwa siku ya mwisho ya mtaalamu wa viungo. Atoke pale, apige.

*

Chumba cha kungojea kwa mtaalamu kilikuwa kimejaa, kama kinavyojaa kila mwisho wa Februari. Barafu huyeyuka mchana na kuganda usiku, na mji mzima huanguka. Palikuwa na viwiko, viuno, na bibi mmoja mwenye kifundo cha mkono kilichofungwa, aliyekuwa anamweleza kila mtu jinsi mbwa alivyomvuta. Saimi alikaa pembeni na koti lake jekundu, kiti cha kando yake kikiwa kitupu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Taneli juu ya magongo mawili.

Taneli alipiga jicho chumbani, akaona kiti kimoja tu, akaja akikokota mguu, akamtikisia Saimi kichwa vile vile kama sokoni, akakaa. Aliyaegemeza magongo ukutani.

Hata salamu hakuna, Saimi aliwaza. Hata hapa, mguu kwa mguu! Akageuza uso dirishani, akiomba apewe utulivu wa kutosha kufika mlangoni.

Taneli alitoa simu. Alijiinamia kuelekea ukutani, kama watu wao wanavyofanya wasisumbue wengine, akaanza kuongea kwa sauti ya chini.

"Saimi, ni mimi tena. Najua umeshachoka na hizi sauti zangu. Hii ni ya mwisho, nimeahidi. Nimeteguka kifundo cha mguu. Si kitu, ni pale penye mizizi baada ya daraja. Giza. Sina taa, unajua. Sikununua kwa sababu ningenunua, ungesema sasa kimbia mwenyewe." Akajisogeza karibu zaidi na ukuta. "Kama nimekukosea, nitukane, nitaomba radhi. Kama umenichoka, sema umenichoka. Ila usininyamazie hivi. Maana mimi nikikupoteza sitakupata tena, Saimi. Sijui unakaa wapi. Sijawahi kuuona uso wako. Kila nikikutazama nilikuwa naona taa tu. Nimejaribu kuutengeneza kichwani, kila siku natengeneza mwingine. Tukipishana barabarani sitakujua. Basi. Ni hivyo tu. Funika kifua."

Akabonyeza. Mfukoni mwa koti jekundu, simu ikalia.

Bibi wa mbwa aliacha kusimulia. Taneli alitazama ule mfuko. Kisha, polepole sana, kama mtu anayeogopa kitu kisiruke, aliinua macho kutoka mfukoni mpaka kwenye vifungo, mpaka kwenye nywele, mpaka usoni.

Saimi alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Kila asubuhi ya Desemba na Januari ilikuwa inapita mbele yake: yeye akigeuka, mwanga ukimwagika, mkono wa Taneli ukiinuka kukinga macho. *Utanipofusha, mama.* Yeye alikuwa amemwona. Kwa miezi miwili alikuwa amemwona mpaka amemjua kama kiganja chake, na hata mara moja hakuwaza kwamba upande wa pili hapakuwa na kitu ila taa na skafu.

"Mimi hapa, Taneli," alisema.

Taneli aliisikia sauti, na kovu la mdomo likaanza kutetemeka.

"Sema tena."

"Mimi hapa."

"Nywele zako ni nyekundu," Taneli alisema.

"Zina mvi."

"Sikujua ni nyekundu."

"Ulidhani ni za rangi gani?"

"Za taa."

Bibi wa mbwa alitoa kitambaa akajifuta pua bila kuficha.

"Sokoni," Saimi alisema. Ilibidi aseme. "Ile Jumamosi, kwenye kahawa. Nilikutabasamia, ukanipita. Nikadhani unanionea aibu."

Taneli alifumba macho. "Mwanamke wa koti jekundu," alisema. "Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Mungu wangu. Saimi, nilikwenda kukaa mwisho wa soko nikajisema vibaya. Nilijiambia, Taneli, mwanamke mzuri amekutabasamia, moyo wako umeruka. Una mtu wako, mgonjwa wa ugoko, anakusubiri nyumbani na ua lake. Shika adabu. Nikakupa mgongo nisikutazame mara ya pili."

Saimi alicheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hapakuwa na upepo wa kusingiziwa.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Nami sikukuuliza jina la mtaa. Tumetoka sare."

Lakini Saimi alikuwa na neno moja limebaki, na lilikuwa zito, kwa hiyo akalisema upesi.

"Taneli, leo natakiwa niwajibu watu wa Kuopio. Wananipa kazi. Dada yangu yuko huko. Vitu vyangu viko kwenye maboksi."

Taneli alitazama magongo yake. Hakuuliza kwa nini hakuambiwa mapema, wala hakusema usiende. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepima njia kabla ya kupanda kilima.

"Kuopio kuna tramu?" aliuliza mwisho.

"Hakuna."

"Mabasi yapo?"

"Yapo."

"Basi nitajifunza basi. Usukani ni usukani."

"Ungeiacha tramu yako?"

"Tramu ni chuma, Saimi. Haitanikumbuka. Sijui unasemaje, lakini mimi nimeshakupoteza mwezi mmoja, na sina miezi mingi ya kuchezea."

Hapo Saimi aliijua sauti aliyokuwa ameisubiri kwa magoti. Haikutoka juu. Ilitoka kwenye kiti cha kando, yenye mafua kidogo. Aliitoa simu.

"Inkeri? Dada, siji."

"Umesemaje?" Sauti ya Inkeri ilijaa chumba kizima. "Nimeshakupigia rangi chumba!"

"Sababu imejitambua. Ipo hapa kando yangu."

"Yule aliyekupita na kikombe? Mpe simu! Mpe simu sasa hivi!"

Taneli aliipokea simu kama mtu anavyopokea sahani ya moto.

"Wewe ndiye usiye na taa?" Inkeri aliuliza.

"Ndimi, shemeji."

"Shemeji! Nani kakwambia mimi ni shemeji yako?"

"Hakuna. Najaribu tu neno linavyokaa mdomoni."

"Na linakaaje?"

Taneli alimtazama Saimi. "Linakaa vizuri," alisema. "Ila mwenye kutoa ruhusa yuko hapa, na bado hajasema."

Chumba kizima, viwiko na viuno vyote, kilikuwa kimegeuka kumtazama. Saimi alishusha macho kwenye mikono yake, kisha akayainua. Alimfikiria Kalervo, kwa upendo na bila hofu, kama mtu anayemuaga mgeni aliyekwisha kushukuriwa.

"Liache likae hapo hapo," alisema.

*

Walitoka pamoja. Mtaalamu alikuwa amemruhusu Saimi kuanza kukimbia taratibu, na alikuwa amemkataza Taneli mpaka Pasaka. Mei ilikuwa imeharibika kwa mmoja wao, na mwingine alikuwa ameshasema kwamba hakimbii peke yake. Marathoni za masika huja kila mwaka.

Jua lilikuwa juu. Matone yalidondoka kutoka paa zote, na njia ya kando ya barabara ilikuwa nusu maji, nusu barafu. Taneli aliweka gongo moja, akalipima, akaweka la pili. Saimi alitembea kando yake, mkono ukiwa tayari chini ya kiwiko chake.

"Pole pole," alimwambia.

"Huu ndio mwendo wa kuzungumza."

Nyuma yao kengele ililia. Bibi mmoja alikuja amesimama nyuma ya kiti chake cha kutelezea barafuni, wa miaka themanini hivi, mfuko wa viazi mbele, akisukuma theluji kwa mguu mmoja kwa nguvu zake zote.

"Njia!" alipiga kelele. "Njia, vijana! Mbona mnatambaa?"

Wale wakimbiaji wawili wa masafa marefu walijibanza ukutani kumpisha, na Saimi akaangua kicheko, kichwa nyuma, nywele zote juani. Bibi alipita akipunga mkono. Taneli hakumwona. Alikuwa anamtazama Saimi anavyocheka.